Anti, nimedanganya kilo zangu kwenye fomu ya farasi

Shikamoo Anti. Mimi ni mwanamke wa miaka 45, kwetu Tanga, saizi naishi Hamburg na mume wangu na watoto wawili, Januari inshallah tunatimiza miaka 20 ya ndoa na ndo hapo balaa lilipoanzia.

Miaka minne iliyopita daktari alimwambia mume wangu atafute mazoezi, nikajua ataenda jimu au kukimbia kama wenzie, yeye akaenda kujiandikisha kwenye banda la farasi. Farasi Anti! Mtu kazaliwa Muheza, farasi kamjulia kwenye kalenda. Nikacheka sana, akanibembeleza twende wote nikagoma, mimi na mnyama mkubwa kuliko kabati la nguo wapi na wapi. Sasa kila jumamosi mwenzangu yuko huko, anarudi ananuka majani makavu, mezani stori ni farasi kafanya hivi farasi kafanya vile, na mimi najiona kama mgeni nyumbani kwangu. Si kwamba ana mwanamke, nimeshachunguza vizuri tu, ni farasi. Lakini wivu ni wivu.

Mwezi uliopita kanikalisha na laptop akaniambia safari hii hatuendi nyumbani, tunaenda Argentina siku 14 kupanda farasi kwenye maranchi, na ndani yake kuna siku sita za kwenda milima ya Andes kutokea San Juan mpaka mpakani na Chile halafu mnarudi, mnalala kwenye mahema. Anti vile alivyokuwa anaongea, macho yanang'aa kama siku aliyokuja kuposa, nikashindwa kusema hapana. Hapo hapo akafungua fomu kila mtu ajaze yake. Kuna sehemu wanauliza ujuzi, nikaweka wa kati, na kwamba shoti, zile mbio za farasi, naweza. Mimi ambaye mara ya kwanza na ya mwisho kupanda mnyama ilikuwa honimuni, ufukweni Mombasa, tena alikuwa ngamia na kashikwa kamba na kijana! Af wakauliza uzito, wameandika mwisho kilo 95. Nina 98. Nikaandika 79, yeye kakaa pembeni yangu, sikutaka aione ile namba.

Kianzio asilimia 30 ameshalipa. Usiku silali, nikifumba macho naona mlima. Nimwambie au ninyamaze nijifunze kimya kimya? Na hiyo ranchi ya mtu asiyejua kitu ipo kweli? Halafu sisi ni Waislamu, kule nasikia ni nyama tu asubuhi mpaka usiku, tutakula nini? Mtandio je juu ya farasi? Na watu weusi porini kule watatuonaje? Yeye ana pasi ya Kijerumani mimi bado nashika ya Tanzania. Nisaidie Anti, nimechanganyikiwa.

Mke wa Mpanda Farasi, Hamburg

—

Marahaba mwanangu, na hongera ya miaka 20, siku hizi ndoa zinavunjika deni la ukumbi halijaisha.

Nimecheka hapo kwenye ngamia mpaka chai ikanipalia, halafu nikaacha, mana na mimi nilishasema uongo huo huo, na nchi ni hiyo hiyo.

Nilialikwa na rafiki yangu anayeishi Buenos Aires, akanipeleka San Antonio de Areco, mji mdogo kama kilomita 110 kutoka mjini, basi unapanda pale stendi ya Retiro. Huko ndo penyewe kwa mambo ya magaucho, yaani wale wachunga ng'ombe wa nyanda za pampa, na ranchi zao wanaziita estancia. Mzee wa farasi akaniuliza kama najua kupanda, nikamwambia sana tu, kichwani nawaza punda wa babu yangu Pangani. Akanipa jike moja la kahawia, zuri. Kwenda ilikuwa raha. Kurudi ndo nikajifunza neno la Kispanyola, querencia, pale mnyama anapopaona kwao, na farasi akishajua sasa tunaelekea kwenye maji na malisho basi hana habari na wewe tena. Lile jike likaanza matiti (huo mwendo wa kudundadunda ndo jina lake la Kiswahili, msinitukane mimi) mara likaingia shoti, hatamu nimeziachia nimekumbatia shingo, kilemba kimekwenda na upepo, nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni na nyingine natunga hapo hapo. Nilifika mzima. Mzee wala hakugomba, alinitazama tu akasema kesho nitakupa mwingine. Huyo mwingine alikuwa mtu mzima mwenzangu, mnene, anatembea kama anakwenda kulipa deni, na safari yote nikaanza kuipenda kuanzia hapo.

Kwahiyo fomu uliyojaza siyo ya kuomba kazi wala ya uchumba, hakuna anayekupa maksi. Kule kuna mtu na farasi wake malishoni, anawajua mmoja mmoja kwa tabia kama unavyowajua wanao, na kwa karatasi yako anaamua nani akubebe. Ukiandika wa kati anakutafutia anayekwenda. Ukiandika sijawahi anakupa yule anayebeba watoto na wazee, na huyo ndiye unayemtaka, niamini mimi.

Na kilo ni hivyo hivyo. Farasi wa kule wengi ni criollo, kafupi, mabegani mita 1.40 mpaka 1.50 hivi, ila kagumu kupita maelezo. Kuna mwalimu mmoja wa Kiswisi, Aimé Tschiffely, alitoka Buenos Aires mwaka 1925 na criollo wawili, Mancha na Gato, wala hawakuwa vijana, akaingia New York 1928 akiwa na Mancha, na tarehe aliyofika, 20 Septemba, mpaka leo Argentina ndo siku ya farasi. Sasa pamoja na ugumu wote huo wapanda farasi wana hesabu yao, mzigo usizidi kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama, na criollo ana kilo 400 na kitu, piga mwenyewe, na tandiko nalo bado hujaliweka. Hizo kilo 19 ulizozificha kuna mtu atazibeba mgongoni siku sita kwenye mawe na hana mdomo wa kusema amechoka. Kilo 98 zenyewe wala siyo kesi, zipo ranchi zina machotara wakubwa wa kubeba watu wa miraba minne, waulize tu wakwambie wana farasi gani kwa uzito wako. Wakisema hawana, unatafuta wengine. Hiyo 95 wameiandika kwa ajili ya mlima.

Na tuuongelee huo mlima, mana nadhani mumeo kaona picha tu. Njia ya San Juan ndo aliyopita jenerali San Martín na jeshi lake mwaka 1817 kwenda kuikomboa Chile, Waargentina wanaienda kama hija. Inapanda zaidi ya mita 4,000, yaani katikati ya kambi za Horombo na Kibo kwa wanaoujua Kilimanjaro, na ukishapita hapo kichwa kinauma hata kama umekaa tu. Vijia vyembamba upande mmoja bonde. Mito unavuka juu ya farasi, na mchana theluji ikiyeyuka maji yanapanda. Usiku baridi kali hata Januari ambayo kwao ndo kiangazi. Gari haliingii, ukisema siku ya tatu mapaja yamechubuka nataka kurudi, jibu ni panda farasi urudi siku tatu. San Martín mwenyewe kwenye picha wanamchora juu ya farasi mweupe, ukweli alivuka amepanda nyumbu (yule chotara wa punda na farasi, siyo wa Serengeti), tena mgonjwa. Huko siyo kwa mtu wa ngamia wa Mombasa.

Umeniuliza umwambie au unyamaze ujifunze kimya kimya. Mwambie leo, watoto wakishalala. Usianze na mlima wala na pesa ya kianzio, anza na ile ya kuona wivu wa farasi, mana hiyo ndo iliyokufanya ujaze uongo na nina hakika hajui kabisa, wanaume hawa ukimwona anarudi jumamosi anaimba anafikiri nyumba nzima ina furaha. Kisha fungua fomu mbele yake, futa 79, andika 98. Atanuna, mpe siku mbili. Lakini fikiria yeye ndo anagundua mwenyewe, mko korongoni, mzee wa farasi anakutazama unavyoshindwa kuingiza mguu kwenye kikuku, na kundi zima limesimama linakusubiri, mana huko mwendo wa kundi ni mwendo wa anayejua kidogo kuliko wote. Hapo ataona aibu na wewe utaona aibu, na mko mbali na nyumbani kweli kweli.

Kuhusu kianzio, kabla hamjakiona kimepotea waandikieni waulizeni kama kinaweza kuhamia safari nyingine ya kwao, wengi wanauza zaidi ya moja na wanapenda mteja abaki kuliko aondoke. Wakikataa, asilimia 30 imekwenda, inauma, ila nyonga ikivunjika inauma zaidi.

Ningekuwa mimi ningepanga hivi. Siku nne za kwanza Areco, kwenye estancia moja, mnalala kitandani, ardhi tambarare kama meza, hakuna pa kuporomoka. Januari ni joto sana, 30 na zaidi kawaida, kwahiyo mnapanda asubuhi mapema na jioni jua likipoa, mchana kila mtu kalala, hata mbwa. Wanalala siesta kama ibada. Tandiko lao, recado, ni tabaka juu ya tabaka na juu kabisa ngozi ya kondoo, yaani unakaa kama uko kwenye kochi la bibi, na hatamu unashika mkono mmoja, farasi anageuka ukimgusa nazo shingoni, kwa mtu anayeanza ni rahisi kuliko huo mtindo wa Kijerumani alioujifunza mumeo, usishangae ukamzidi, mwenzio itabidi aanze kusahau kwanza. Halafu ndege mpaka Bariloche au San Martín de los Andes, miji ya upande wa maziwa ya maji, huko hiyo milima anayoitaka ipo mbele ya macho yake, mnakaa ranchi moja siku tano au sita na kila siku mnatoka njia tofauti jioni mnarudi kitanda kile kile. Siku ukichoka unabaki na kitabu chako yeye anakwenda na wenyeji wanampeleka mbio anazotaka. Andes ya mahema ataenda mwaka mwingine na hao wenzie wa banda la farasi, na wewe utakwenda Tanga kwa mama. Kuna watakaokwambia mwache aende siku sita wewe umsubiri hotelini Mendoza, mimi sikubali, miaka 20 ya ndoa huisherehekei peke yako unaangalia tivii ya Kispanyola.

Angalizo moja la hapo katikati, ndege ya Ulaya inashuka Ezeiza ambako ni nje ya mji, na ndege nyingi za ndani zinaruka Aeroparque, kiwanja kingine kabisa kando ya mto, mabegi mnachukua mnahama nayo. Usikubali mtu akukatie tiketi zilizopishana saa mbili.

Haya chakula. Ni kweli, nyama. Asado yao ni moto wa kuni wa pole pole, chumvi, na uvumilivu, harufu unaisikia toka getini, na utateseka. Nyama ya ranchini haijachinjwa na Muislamu, hukumu yake muulize sheikh wako mimi siyo mufti, ila nakwambia vilivyomo ili ujue: chorizo ina nguruwe, morcilla ni damu, hiyo haina mjadala, na hata zile empanada ambazo ukiziona utasema sambusa, mara nyingi unga wake umekandwa na mafuta ya mnyama, kwahiyo hata ya jibini uliza. Vya kula vipo. Provoleta, jibini nzima inachomwa jikoni na majani ya oregano juu, utaota nayo. Humita ya mahindi, mayai, saladi, na upande wa maziwa kule samaki trauti. Waambieni kabla hamjafika, siyo mezani, mpishi ameshaweka mkaa. Buenos Aires mtaa wa Palermo kuna msikiti mkubwa wa Rey Fahd, ulifunguliwa 2000, na nchi ina watu wengi asili yao Syria na Lebanon, ukiswali pale ulizia bucha ya halali ubebe nyama yako kwenye kipozeo mpaka Areco. Nimeona watu wamefanya, na wenyeji wakawatengea jiko la pembeni bila neno.

Na mate, kile kinywaji cha majani wananyonya kwa mrija wa chuma kutoka kibuyu kimoja kinachozunguka, ni kahawa ya barazani ile ile, usikatae ya kwanza. Usiukoroge mrija. Na usiseme gracias kila ukipewa, mana kwao hapo gracias ni umetosheka, hawakupi tena. Mimi nilisema kwa adabu zangu za Kipwani nikakaa jioni nzima naangalia wenzangu wanakunywa.

Watawatazama, ndio. Kijijini watu wanatazama, hata Muheza mgeni anatazamwa. Watoto watataka picha. Na utasikia mtu anamwita mkewe negra, au negrita, mweupe kabisa huyo mke, kwao ni jina la mapenzi, hata mwimbaji wao mkubwa Mercedes Sosa walimwita La Negra nchi nzima. Mimi lilinichoma siku ya kwanza, ya tatu nikazoea, ya kukutukana utaijua kwa sauti tu. Ila wewe usiende pale kama mtu aliyepotea njia. Kwenye lile jeshi la San Martín kulikuwa na vikosi vya watu weusi waliotolewa utumwani ndo wakapigana, na noti yao ya peso 10,000 iliyotoka 2024 ina picha ya María Remedios del Valle, mwanamke mweusi aliyepigana vita ya uhuru. Hata fujo ikitokea wanasema quilombo, neno la kwetu hilo, la Kibantu, limetoka Angola. Nilipolisikia nikacheka peke yangu kwenye basi.

Viza. Mumeo na pasi ya Kijerumani anaingia siku 90 bila kitu, wewe na ya kwetu unahitaji, kwahiyo ubalozini mapema, kabla hamjalipa hela iliyobaki na siyo baada. Na kama mumeo ataanza kusema tuvuke na boti twende Uruguay siku mbili, mana ni ng'ambo tu ya mto na huko ng'ombe ni wengi kuliko watu mara tatu na zaidi, angalia kwanza viza yako ni ya kuingia mara ngapi, usije ukatoka ukashindwa kurudi kupanda ndege. Na Uruguay nayo ina viza yake. Bima msome yale maandishi madogo, nyingine zinakulipia mpaka mguu uliovunjika bafuni lakini kupanda farasi hazilipii. Dola beba noti za 100 mpya zisizo na mkunjo, wana macho kama ya bureau ya Kariakoo.

Kutoka leo mpaka Januari chukua masomo. Usijifiche, nenda banda hilo hilo la mumeo ila siku nyingine na mwalimu mwingine, mume na mke kufundishana ni ugomvi tu, kama gari. Masomo kumi yanatosha kujua kusimamisha, kugeuza, na kukaa kwenye matiti bila kulia. Nunua sidiria ya mazoezi iliyobana, nzuri, usibane pesa hapo, utanikumbuka. Suruali isiwe na mshono mnene kwa ndani ya paja, na ukifika Areco nunua bombacha, suruali yao pana yenye kubana kwenye kifundo, stara tupu, utarudi nayo mpaka Tanga.

Barua ya ranchi uiandike wewe mwenyewe, kwa Kispanyola, mistari miwili inatosha: Nunca monté a caballo. Peso 98 kilos y tengo miedo. Sijawahi kupanda farasi, nina kilo 98 na naogopa. Watakaokujibu vizuri hao ndo wa kwenda kwao.

Na helmeti nunua huko huko Hamburg, magaucho wenyewe wanavaa boina tu, kofia laini ya kitambaa, na kwenye ranchi unaweza usikute ya saizi yako. Mtandio wa kuninginia hapana, upepo utakufunika macho, vaa ile kofia ya ndani inayobana kichwa, na siku ya kujaribu helmeti dukani uwe umeshaivaa.